Likizo ya Aprili na watoto: Pwani, Naivasha au ushago?

Kati ya likizo tatu za shule nchini Kenya, ya Aprili ndiyo inayowachanganya wazazi zaidi. Desemba haina mjadala: shule zimefungwa kwa muda mrefu, na kila mtu yuko ushago, yaani kijijini kwao, au yuko njiani kwenda. Agosti kumekauka, nyumbu wanavuka Mara, barabara zinapitika. Aprili inakuja na wiki 3 hivi tu, mvua za masika, Pasaka ambayo aghalabu huangukia humo humo na kupandisha bei ya kila kitu, halafu karo ya muhula wa pili inasubiri mwisho wa mwezi. Watoto nao wamekaa darasani tangu Januari, hawataki kusikia habari ya kushinda nyumbani wakitazama katuni.

Familia nyingi za Nairobi ninazozijua huishia kwenye mojawapo ya safari tatu: kuteremka Pwani, kwenda Naivasha na Nakuru kwa siku chache, au kupanda basi la kwenda kwa nyanya. Tukizilinganisha, tunaanza na bei na mara nyingi tunaishia hapo. Mimi naona kuna swali linalotangulia bei: katika safari hii, nani atakuwa kazini? Hakuna safari ya familia ambayo wote hupumzika. Yuko anayeendesha gari, yuko anayepika, yuko anayewaogesha watoto waliojaa mchanga hadi masikioni, yuko anayekesha na yule aliyekula achari nyingi. Ukishajua kazi itamwangukia nani, na kama mwenyewe ameridhika nayo, mengine yanapangika.

Kufika kwenyewe

Kwa Pwani, ushindani ni kati ya treni na gari la nyumbani. Madaraka Express inabeba abiria tangu katikati ya 2017, kutoka stesheni ya Nairobi iliyoko Syokimau hadi ya Mombasa iliyoko Miritini, kilomita zipatazo 470, kwa saa 5 hadi 6 kutegemea treni uliyopanda. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na wa chini ya hapo hupanda bure. Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili wa umri huo watatumia 9,000 kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida, au 27,000 kwa daraja la kwanza. Hiyo tofauti ya 18,000 inaweza kuwalisha samaki kwa siku kadhaa, na mimi ningeipeleka huko. Ila ujue unachokikubali: viti vya daraja la kawaida vinatazamana, migongo yake iko wima, upande mmoja watu watatu na upande wa pili wawili, na magoti ya mtu usiyemjua yatakuwa jirani yako hadi Mariakani.

Treni ni tatu, na kwa wenye watoto si sawa. Ya asubuhi husimama stesheni za njiani, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, kwa hiyo inachelewa kidogo, lakini inapita Tsavo jua likiwa juu, na watoto wataona ndovu wekundu kwa udongo wa kule bila kulipia lango la mbuga. Ya alasiri ni ya haraka, ila giza huanza kuingia kabla ya safari kwisha. Ya usiku inawashawishi wengi kwa sababu watoto watalala. Kweli watalala, kisha utashuka nao Miritini kabla ya alfajiri, wawili mabegani, mizigo mkononi, na mwenye nyumba mliyokodi atafungua saa nane mchana.

Kero ya treni iko mlangoni. Mizigo yote inapangwa chini kwa mstari, abiria wanasogea nyuma, askari anampitisha mbwa, naye ananusa mfuko mmoja baada ya mwingine. Watoto wanashika pumzi mbwa akikaribia begi lao, na akilipita wanacheka kana kwamba wameponea chupuchupu. Mzazi hacheki, kwa sababu baada ya mbwa kuna mashine, kuna kitambulisho, kuna tiketi, na kile kisu kidogo cha kumenyea maembe hakitapita. Fikeni saa nzima kabla. Na kama mnasafiri wiki ya Pasaka, tiketi zikatwe mara tu zinapofunguliwa, kwa simu au mtandaoni, maana zile za karibu na Ijumaa Kuu hazikai.

Gari la nyumbani lina faida ya kweli kama mko sita au saba, au kama mtoto ni mdogo mnabeba hadi beseni. Lakini barabara ya Mombasa kwa sehemu kubwa ni njia moja kila upande na malori hayaishi. Anayeendesha atatumia siku nzima kushuka na siku nzima kupanda. Kwa mapumziko ya siku tano, mtu huyo amepata tatu. Wanaume wengi hulipokea jukumu hili kwa fahari asubuhi, na kufikia Mtito Andei hawasemeshwi.

Mlioenda Diani zamani mtafurahi kusikia kwamba feri ya Likoni si lazima tena. Barabara ya Dongo Kundu inaunganisha upande wa Miritini na Kwale moja kwa moja, kwa hiyo kutoka stesheni mnaingia kwenye teksi na kukunjia kusini bila kuuona mji. Watoto wengine watasikitika, kwani feri kwao ilikuwa nusu ya safari.

Naivasha ni kilomita 90 tu kutoka Nairobi, na hilo ndilo jibu lake kwa kila hoja. Unaweza kuamka Jumamosi, ukaona mvua haijaharibu kitu, ukaenda. Mbaya ni kwamba kila mtu amewaza hivyo hivyo. Wikendi ya Pasaka njia ya kupandia Magharibi ndiyo hiyo hiyo, mabasi na magari ya familia yanajazana, na juu yake kuna ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulioanza mwishoni mwa 2025. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri au msiondoke kabisa siku hiyo.

Ushago, kwa wengi wetu wa Magharibi na Nyanza, ni basi la saa nane au zaidi, na nauli ya wiki ya Pasaka haina adabu. Wiki moja baada ya Pasaka basi lile lile, kiti kile kile, linarudi bei yake. Kwa watu wanne tofauti hiyo ni mfuko mzima wa ununuzi. Epukeni la usiku kama mnaweza. Mchana watoto wanaona Bonde la Ufa, chai ya Kericho, na wanauliza maswali badala ya kutapika gizani.

Masika hayabagui, ila hayanyeshi sawa

Watu husema Aprili usiende popote kwa sababu ya mvua. Si kweli, lakini mvua ya kila mahali ina tabia yake. Pwani hunyesha kwa kishindo, kisha jua linatoka na nguo zinakauka. Aprili ndio mwezi ambao upepo unageuka kutoka kaskazi, ule wa kaskazini, kwenda kusi, ule wa kusini, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Kwa hiyo anayekwenda mwanzoni mwa Aprili na anayekwenda mwishoni hawaendi bahari moja. Mwishoni maji yameanza kuchafuka, na safari za mashua kwenda kisiwa cha Wasini kutazama pomboo zinaweza kuahirishwa siku hadi siku. Kama pomboo ndio mlioahidi watoto, ahadi hiyo iwekeni Agosti mwishoni au Desemba.

Bonde la Ufa mvua yake mara nyingi ni ya alasiri. Asubuhi safi, mchana mawingu, saa tisa imemwagika. Siku mnaipanga kwa kuanza mapema.

Kuna jambo moja la Naivasha ambalo halihitaji kupambwa. Ndani ya mbuga ya Hell's Gate kuna korongo jembamba la miamba ambalo maji ya mvua iliyonyesha mbali yanaweza kulijaza kwa dakika chache, hata kama juu yako mbingu ni buluu. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua humo vijana waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa, na Septemba 2019 yakaua watu wengine. Likifungwa, msimshawishi mtu awafungulie. Likiwa wazi na mawingu yamekusanyika upande wowote, bakini juu na baiskeli.

Na mwaka 2024 haujasahaulika. Mwisho wa Aprili mwaka ule maji yalisomba nyumba Mai Mahiu na kuua makumi ya watu, siku mbili baadaye kambi za watalii kando ya mto Talek huko Mara zikazama, na ufunguzi wa shule ukasogezwa mara kwa mara hadi tarehe 13 Mei. Ndiyo maana Mara siiweki kwenye orodha hii. Udongo mweusi wa kule ukilowa, hata gari la kazi linakwama, na fedha mliyolipa kwa usiku mmoja itaishia kwenye kusukuma.

Pwani: hoteli au nyumba yenye mpishi

Hapa ndipo ningewaomba mkae kidogo, kwa sababu uchaguzi mkubwa wa Pwani ni wa paa la kulala, kuliko hata Diani au Bamburi au Watamu.

Hoteli inawapa kidimbwi, chakula mezani mara tatu na mtu wa kutandika vitanda. Mama hagusi sufuria. Watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili hawataki kingine; watashinda kidimbwini hadi vidole vinyauke, bahari iko mita hamsini na hawaitazami. Uchungu wake ni kwamba bei hupigwa kwa kichwa, chumba cha familia si kila hoteli inacho, na soda ya pembeni ya kidimbwi ina bei ambayo mtoto haioni lakini wewe utaiona siku ya kutoka. Baada ya Pasaka hali inabadilika kabisa. Watalii wa Ulaya wamerudi kwao, hoteli zinatafuta wageni, na bei hushuka hadi Juni. Baadhi hufunga Mei kwa ukarabati. Familia inayoweza kusubiri hadi Jumatatu ya Pasaka ipite inapata chumba kile kile kwa pesa za watu wenye akili.

Nyumba ya kukodi ni rahisi kwa kichwa mkiwa wengi. Mkijumuika familia mbili, hesabu inakuwa tamu zaidi. Hatari yake ni moja: mama amesafiri kilomita 470 kwenda kupika chapati mahali penye joto zaidi. Dawa yake ipo na si ghali kama watu wanavyodhani. Diani na Nyali nyumba nyingi zinakuja na mpishi, au mwenye nyumba anamjua mmoja wa jirani. Unampa pesa ya soko asubuhi, analeta risiti na chenji, na jioni unakula kitu ambacho Nairobi ungekilipia mara tatu.

Mazungumzo yenu ya kila siku yatakuwa ya namna hii. Anasimama mlangoni na kikapu: "Dada, leo niwatafutie changu au tafi?"

"Yule asiye na miba mingi, kaka. Kuna mtoto wa miaka minne."

"Basi hao wawili tuwaache. Nitaangalia nguru, nimpake nazi. Mtoto nimpunguzie pilipili?"

Baada ya hapo wewe ni mgeni kwelikweli. Mlipe vizuri, na mkubaliane kiasi siku ya kwanza, si siku ya kuondoka.

Watu wa bara huwa hatuijui bahari, tunadhani ipo tu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi mpya au mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita tatu. Mkitoka chumbani saa tano na ndoo zenu mkakuta mchanga mtupu hadi kwenye mwamba, si kwamba mmedanganywa, subirini. Waulizeni wenyeji asubuhi maji yanajaa saa ngapi, na mpange kuogelea kwa kufuata hilo. Maji yakipwa, kuna burudani nyingine: kutembea kwenye vidimbwi vya mwambani kutafuta kaa na samaki wadogo. Watoto wavae viatu vya mpira, kwa sababu kwenye mawe wamejibanza viumbe wenye miiba mieusi inayovunjikia ndani ya nyayo, na siku itakuwa imeisha.

Vijana wa ufuoni watakuja na vinyago, ngamia, mashua za kioo chini. "Asante ndugu yangu, labda kesho" inatosha, mradi kesho usijifanye humjui. Wafundisheni watoto kusema shikamoo kwa wazee wa pale. Inawafungulia milango ambayo pesa haifungui, pamoja na mlango wa mama auzaye viazi karai ambaye atawaongezea viwili.

Siku ya mvua isiwatie hofu. Haller Park, Bamburi, ilikuwa shimo la machimbo ya saruji kabla ya kupandwa miti, na ndiyo iliyompokea kiboko mchanga Owen aliyeachwa peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaenda kumgandama kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ni mamaye. Mtoto wa darasa la pili akishasikia hadithi hiyo atauliza kila kobe anayemwona kama ndiye. Alasiri wanaruhusiwa kuwalisha twiga kwa mkono. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inawafaa walioanza kusoma historia. Chini ya miaka minane wataikimbilia mizinga kisha watauliza chakula kiko wapi, na chakula kiko kwenye bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, ambako muhogo, mabuyu na madafu vitawashughulikia hadi magharibi.

Kijana wa miaka 15 ni habari nyingine. Yeye Pwani atauliza nenosiri la intaneti kabla ya kuuliza bahari iko wapi. Mwacheni aje na rafiki mmoja, gharama yake ni ndogo kuliko uso wake wa siku tano.

Naivasha na Nakuru: fupi, na ndiyo uzuri wake

Hii ni safari ya siku mbili au tatu, na haijifanyi zaidi. Hell's Gate ni mbuga mnayoweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, kitu ambacho mbuga nyingi hazikubali, na pundamilia wanavuka mbele ya gurudumu la mtoto. Crescent Island mnatembea katikati ya twiga. Ziwani kuna viboko, na mashua, na maboya ya kuvaa ambayo lazima yavaliwe hata kama mwenye mashua anasema si lazima.

Nakuru ni kwa vifaru. Kama watoto wamelelewa kwa picha za heroe waliofunika ziwa kwa rangi ya waridi, waambieni ukweli mapema: maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakameza hata lango kuu la zamani, na heroe wengi wamehamia kwingine, hasa Bogoria. Vifaru, weupe na weusi, wapo, na simba wakiamua. Lango linalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Noti mkononi hazitawasaidia, na simu isiyo na chaji saa moja asubuhi ni msiba. Bebeni vitambulisho, kwa kuwa raia halipi sawa na mgeni.

Kazi hapa inamwangukia dereva, lakini ni ya saa mbili. Inayochosha ni nyingine: mbugani watoto wanakaa garini saa nne wakiambiwa nyamazeni. Wa chini ya miaka mitano watalala kifaru alipo na kuamka hotelini. Kwa familia yenye wadogo ningechagua Naivasha tupu, niache Nakuru mpaka wakue.

Ushago: ya bei nafuu ambayo si ya bei nafuu

Sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Likizo ya Aprili peke yake inameza kama 15. Hesabu hii ndiyo inayoipa ushago ushindi ambao hoteli haiwezi kuupata: ni mahali pekee ambapo mnaweza kuwaacha watoto na kurudi kazini. Mnakaa nao wikendi ya Pasaka, mnawaacha kwa nyanya na binamu wiki mbili, mnakwenda kuwachukua. Na yule dada anayewasaidia nyumbani naye anapata kwenda kwao, jambo ambalo safari ya Pwani huwa inalisahau.

Utamu wake ni wa mvua yenyewe. Magharibi mwezi huu mahindi yako magotini na kumbikumbi wanatoka. Jioni baada ya mvua taa ya sola inatundikwa juu ya beseni la maji, wadudu wanaifuata taa kwa maelfu, mbawa zinadondoka kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, na watoto waliokuwa wakiogopa mende Nairobi wanachota kwa mikono miwili wakipiga kelele. Asubuhi wanaanikwa, wanakaangwa bila mafuta, chumvi kidogo. Wa kwenu watasema hawali. Subirini binamu waanze.

Sasa uchungu. Mama wa Nairobi akifika kwa mkwe, likizo yake imekwisha siku hiyo. Jiko ni la kuni, wageni wanamiminika kuwasalimu, chai inapikwa kwa sufuria la watu ishirini, na baba watoto yuko chini ya mwembe na wazee akieleza siasa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyanya hahitaji kuisema, palizi ipo na mikono ameiona. Wapo wanaoipenda hali hii, na wapo wanaorudi Nairobi wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka wakanyamaza kwa heshima. Mzungumze kabla ya kukata tiketi. Kumlipa binti wa jirani asaidie jikoni kwa siku hizo nne hakumvunjii mtu heshima ikiwa wazo limetoka kwa mwana wa nyumba mwenyewe. Likitoka kwa mke wake, litasikika hadi mazishi ya mwaka kesho.

Bajeti ya ushago haina risiti. Sukari, majani, sabuni ya mche, mafuta, mkate wa kila boma mnalopita. Halafu shangazi anakuvuta pembeni, kuna karo ya binamu. Halafu kuna bati lililong'oka na harambee ya kanisa Jumapili. Mtu aliyekimbia bei ya Diani anaweza kutoka hapa ametumia zaidi, tofauti ni kwamba pesa zimebaki kwa watu wake. Mimi hiyo siihesabu kama hasara, lakini ihesabuni kama gharama. Wekeni kiasi kwenye bahasha, na mjue kikiisha kimeisha.

La malaria msilichukulie kwa mzaha, ushago wa ukanda wa Ziwa Victoria na Pwani vilevile. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya kule. Vyandarua vyenu mbebe wenyewe, na mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambieni daktari alikuwa wapi kabla hajauliza.

Kuna la lugha pia, na choo cha shimo usiku na tochi, na tope linalokula kiatu kimoja. Watoto huyazoea haya kufikia siku ya tatu. Wazazi huchukua muda zaidi.

Ningemshauri nani aende wapi

Mwenye watoto wadogo na ndugu au marafiki wa kuungana nao: nyumba ya Pwani, mpishi, treni ya asubuhi, wiki ya baada ya Pasaka. Mama aliyechoka kabisa na familia ndogo: hoteli, hata siku tatu tu, na asiulizwe kitu. Wazazi ambao ofisi haiwapi siku: ushago, na watoto wabaki. Ambao karo imewabana, na katika shule za bweni za serikali muhula wa pili hudai asilimia 30 ya karo ya mwaka, Naivasha ya siku moja inatosha, au hata Mbuga ya Nairobi na kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick ambacho hupokea wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi. Wenye vijana wakubwa pekee, wapeni wao wachague. Mkiwachagulia mtalipia mara mbili.

Popote mtakapokwenda, siku ya kurudi ipangwe mapema kuliko moyo unavyotaka. Sanduku la bweni linahitaji sabuni, soksi na kufuli jipya, sare zimeshaachwa na miguu, na kuna kazi ya likizo ambayo haijaguswa. Treni ya Jumapili ya mwisho hujaa mapema. Kwenye ya Alhamisi mna nafasi nzuri ya kupata viti vinne pamoja, na mtoto mmoja dirishani upande wa ndovu.